Blauzi inabana kifuani, mikono hainyanyuki, halafu shingo inapwaya. Tatizo ni patani au ni mimi?

UziMwekundu

Habari za humu wapendwa. Mwenzenu naomba msaada wa haraka maana mkasi ninao mkononi na hasira ninazo.

Nilipata patani ya blauzi (ile michoro ya vipande vya kukatia nguo) ya kuprinti mwenyewe, zile za kuunganisha karatasi kwa gundi mpaka sakafu nzima inajaa, na blauzi yenyewe wala siyo ngumu, shingo ya mviringo haina kola, vifungo mbele toka juu mpaka chini, dati mbili za kifuani (vile vikunjo vya kushonwa vinavyoipa nguo umbo la kifua) zinazotokea ubavuni, mikono mirefu ya kupachika, basi. Huwa nashona vitu vidogo vidogo kwa kukadiria kwenye nguo ya zamani ila patani yenyewe yenyewe ndo naanza. Kifua changu ni sentimita 94, nikaangalia jedwali nikakuta kuna saizi ya 94 kamili, nikasema leo mteremko, nikakata.

Sasa nimeshona mabega, nimeshona ubavuni, nimevaa kujaribu kabla ya vifungo, mbele nikashikiza kwa pini. Kifuani inabana mpaka pini zinataka kuruka, mikunjo inaanzia kifuani inakimbilia kwapani pande zote mbili. Mkono wa kulia nimeshaupachika, nikiunyanyua blauzi nzima inapanda nao, na una mkunjo fulani hivi kwa mbele chini ya bega hata sijui umetoka wapi. Wa kushoto bado uko kwenye pini kwa sababu haulingani na tundu lake, nimepima mzunguko wa juu wa mkono umezidi tundu kwa sentimita 3 nzima, sasa aliyechora hii patani alikuwa anawaza nini? Na hiyo mikono yenyewe ni mifupi, inaishia juu ya kifundo cha mkono, nikajua basi ni mimi nina mikono mirefu.

Kinachonivuruga zaidi ni shingo. Kila mahali panabana ila shingo inapwaya, imesimama mbali na mwili. Na kile kipande cha ndani cha kumalizia shingo, ambacho nilishakibandika kitambaa cha gamu kwa pasi mapema, hakifiki, kimepungua kama vidole viwili hivi.

Kitambaa ni viskosi, laini, kinateleza. Mishono ya ubavuni sijaipiga zigizaga wala sijapunguza kingo zake. Swali: nichimbe kwapa ili mkono upite vizuri? Au nimekosea saizi? Au niikunje tu niweke chini ya kabati?

mkasi_butu

Pole dada. Mi naona chimba kwapa kama sentimita 2 hivi chini, mkono utapata nafasi na hapohapo tundu litakuwa kubwa kwa hiyo ule mkono uliozidi utaingia wenyewe. Umeua ndege wawili. Shingo weka rinda dogo, watu watajua ni fasheni.

BiChaki

Weka mkasi chini mwanangu. Weka kabisa, upeleke chumba kingine.

Na wewe mkasi_butu mwanangu nakupenda lakini hapo umempoteza mwenzio. Kuchimba kwapa ni ule ushauri ambao kila mtu anautoa kwa sababu unaonekana una akili, mkono unabana basi ongeza tundu. Haiko hivyo. Hebu simama mbele ya kioo ukiwa umevaa nguo ambayo kwapa lake limeshuka, inua mkono uone. Ubavu wote wa nguo unapanda na mkono kwa sababu mshono wa kwapa uko mbali na mahali ambapo mkono unajikunja, kwa hiyo ukiinua mkono unainua na ubavu. Sasa vaa nguo ambayo kwapa lake liko juu karibu na mwili, vidole viwili tu chini ya kwapa lako. Mkono unainuka, nguo imetulia. Ndiyo maana makoti yaliyoshonwa vizuri yana tundu dogo la mkono na mtu anaweza kunyoosha mikono atakavyo.

Kwa hiyo ukichimba, kwanza utazidisha lile tatizo la kupanda, pili kitambaa ukishakikata hakirudi. Kufumua kunarudi. Kukata hakurudi.

Mimi kwa macho ya mbali hiyo blauzi ina matatizo matatu tofauti, na wewe unataka kuyatibu kwa dawa moja. Subiri wengine waje tuyatenganishe.

Pini80

Swali dogo tu, kitambaa ulikifua kabla ya kukata? Viskosi ni mwepesi wa kusinyaa, unaweza kukata kila kitu sawa halafu pasi ya mvuke ya kwanza ikala sentimita zako.

UziMwekundu

@Pini80 nilikifua na kukianika na kukipiga pasi, hilo nilikuwa nimelisikia.

@BiChaki asante mama, mkasi nimeuweka juu ya kabati 😅 nasubiri.

FundiUtepe

Dada habari. Kabla hatujasema saizi ni mbaya au patani ni mbaya naomba vipimo, maana hapa sote tunabahatisha.

Kwanza, kwenye karatasi mojawapo za patani, mara nyingi ile ya kwanza, kuna kijiraba kimechorwa na maandishi kwamba upande wake uwe sentimita kadhaa. Kipime kwa rula, siyo kwa utepe uliochakaa, kwa rula. Niambie umepata ngapi na kinatakiwa kuwa ngapi.

Pili, kwenye maelekezo au juu ya patani yenyewe huwa wanaandika vipimo vya nguo ikishakamilika, hivyo ni tofauti na vipimo vya mwili. Kifua cha nguo ikiisha wameandika ngapi kwa saizi yako?

Tatu, funga mbele kwa pini pale vifungo vinapotakiwa kukutana, ilaze blauzi mezani, pima toka kwapa hadi kwapa zidisha mara mbili.

Nne, nafasi ya mshono, yaani kitambaa kinachobaki kati ya mshono na ukingo, umeacha ngapi na patani inasema ngapi. Kampuni nyingi za zamani za Marekani zinaweka sentimita 1.5 ndani ya patani, jarida la Burda lenyewe patani zake hazina kabisa nafasi ya mshono unaongeza mwenyewe, na hawa wachoraji wadogo wa mtandaoni kila mtu na lake, mwingine 1, mwingine milimita 6. Mtu akikata patani isiyo na nafasi kama vile inayo anapoteza nguo nzima.

Na tano, zile alama ndogo za kwenye kichwa cha mkono, yaani ule mviringo wake wa juu, vile vikato, viko wapi?

UziMwekundu

Haya nimerudi na nina aibu kidogo.

Kijiraba kinatakiwa kiwe sentimita 10. Nimepima ni 9.4. Nilikiona tangu mwanzo nikajua ni nembo yao.

Kifua cha nguo ikiisha wameandika 102. Blauzi yangu nimeilaza nimepima ni 95 na nusu hivi.

Nafasi ya mshono 1.5 imo ndani ya patani, nimeshona 1.5 kwa kufuata ule mstari wa kwenye bamba la cherehani, hapo niko sawa.

Vikato… vilikuwa vimechomoza nje ya mstari kama pembetatu, nikavikata ili ukingo unyooke.

mkasi_butu

9.4 😂😂 dada umeshona blauzi ya mdogo wako

FundiUtepe

Basi tumeshapata la kwanza na ndilo kubwa. Printa yako ilikuwa kwenye ile setingi ya kuipunguza picha ili ijae ukurasa. Imekupunguzia kila kitu kwa asilimia 6, kwa upana na kwa urefu. Watu wanasikia asilimia 6 wanaona ndogo, hebu tuipige hesabu.

Nguo ikiisha ilitakiwa kuwa 102. Ubavuni kuna mishono miwili, kila mshono una pande mbili, kila upande umeacha 1.5, jumla 6. Kwa hiyo vipande kabla ya kushonwa vilitakiwa kuwa 108. Zidisha kwa 0.94 unapata 101 na nusu. Cherehani yako haikupunguzwa, imeendelea kula 1.5 ileile kila upande, toa 6, inabaki 95 na nusu. Ndiyo hiyohiyo uliyopima mezani. Saizi ulichagua sawa kabisa.

Mwili wako ni 94. Mchoraji alikuachia sentimita 8 za kupumua, wewe umebaki na 1 na nusu. Kitambaa kisichovutika kwenye 1 na nusu huwezi hata kufikia sahani ya juu ya kabati. Ile mikunjo inayotoka kifuani kwenda kwapani ndiyo inakuonyesha hapo, mikunjo ya kuvuta siku zote huwa inaelekeza mahali panapolilia kitambaa. Na mkono kama kwenye patani ulikuwa 60 umepoteza sentimita 3 na nusu hivi, kwa hiyo mikono yako haina tatizo lolote, mikono yako ni ya kawaida.

Lakini angalia hapa. Shingo nayo imepunguzwa asilimia 6. Ilitakiwa ikubane kidogo, siyo ipwaye. Kwa hiyo shingo ina kesi yake nyingine kabisa, na ushahidi ni kile kipande cha ndani. Kimekatwa kutoka patani ileile, kipimo kilekile, tofauti ni kwamba kile ulikibandika gamu mapema kikawa hakivutiki. Shingo ya blauzi yenyewe ilikaa uchi ikishikwashikwa, imening'inizwa, imejaribiwa mwilini. Ukingo wa mviringo umekata nyuzi kwa hanamu na hanamu inavutika, kwa viskosi ndo usiseme, uzito wake mwenyewe tu unatosha. Kwa hiyo kipande hakijapungua, shingo ndiyo imerefuka.

Kwenye maelekezo nadhani kulikuwa na sentensi moja mwanzoni kabisa, kwamba shona mstari mmoja kuzunguka shingo kwenye safu moja ya kitambaa kabla ya kufanya chochote. Watu wengi wanauruka kwa sababu hauunganishi kitu na kitu. Huo mstari kazi yake ni kuzuia shingo isivutike. Unaupiga ndani ya nafasi ya mshono, milimita kama 3 kutoka pale mshono wenyewe utakapopita, kuanzia bega kushuka katikati, halafu bega la pili kushuka katikati, usizunguke nzima kwa mkupuo maana nusu moja utakuwa unaivuta.

La tatu ni mkono. Hizo sentimita 3 zilizozidi siyo kosa, zimewekwa makusudi. Kichwa cha mkono wa kupachika huwa kirefu kuliko tundu kwa sentimita 2 mpaka 4 kwa sababu kinatakiwa kiviringe juu ya mfupa wa bega, ukikilinganisha sawasawa na tundu utapata mkono uliobapa. Ila zinatakiwa ziingizwe bila kuonekana, siyo zikusanyike sehemu moja. BiChaki ana maneno mazuri kwenye hilo namwachia.

Na ule mkunjo wa ajabu kwa mbele chini ya bega, nahisi mkono wa kulia umeupachika wa kushoto. Ulishakata vikato, huna tena cha kukuambia mbele ni wapi.

UziMwekundu

Subiri, mikono ina mbele na nyuma??

BiChaki

Ina mbele na nyuma mwanangu. Chukua ule wa kushoto ambao bado haujapachikwa, utoe kwenye pini, uukunje katikati kwa urefu, ukingo kwa ukingo. Utaona vile viviringo viwili vya juu havilingani. Mmoja umechimbwa zaidi, huo ni wa mbele, kwa sababu mbele ya bega pamebonyea. Mwingine umejaa zaidi, huo ni wa nyuma, kwa sababu mgongo unahitaji kitambaa ukinyoosha mkono mbele kushika kitu. Ukigeuza, mbele kunajaa kitambaa kisicho na kazi, nyuma kunabana.

Na vikato vyenyewe, kikato kimoja ni mbele, viwili ni nyuma, kwa patani karibu zote za kampuni. Ndiyo maana havikatwi. Kama vinakukera vilivyochomoza nje, kata ukingo ulionyooka halafu pale palipokuwa na pembetatu chana ndani kidogo tu kwa ncha ya mkasi, milimita 3 zinatosha, ukichana zaidi utavuka mshono. Au weka alama ya chaki kwa upande wa ndani. Viskosi ukichana sana inachoroka nyuzi.

Sasa kuuingiza. Fumua huo wa kulia kwanza, taratibu, usivute uzi kwa nguvu, kata kila mshono wa tatu wa nne kwa upande mmoja halafu vuta uzi wa upande wa pili utoke wenyewe. Kisha kwenye kichwa cha mkono, toka kikato cha mbele mpaka cha nyuma, usizunguke kwapani, piga mistari miwili ya mshono mrefu wa milimita 4, yote ndani ya nafasi ya mshono. Vuta nyuzi za chini kidogo kidogo mpaka kichwa kianze kujikunja kama kikombe kilichoinamishwa, siyo rinda, ukiona rinda umevuta sana. Kiweke juu ya taulo lililokunjwa, pitisha mvuke wa pasi bila kukandamiza. Utaona kitambaa kinanywea na ule ukingo unatulia.

Ndiyo upachike kwa pini, kuanzia kwapa kwa kwapa, kikato kwa kikato, katikati ya kichwa kwa mshono wa bega, halafu sehemu zilizobaki. Piga bandi kwa mkono kama unaogopa, mimi mpaka leo mkono wa viskosi napiga bandi, na sioni haya. Ukishona kwa cherehani mkono uwe chini na badani iwe juu, maana meno ya cherehani yanavuta safu ya chini kwa kasi zaidi ya ile ya juu, kwa hiyo yanakusaidia kumeza ile ziada. Ukiweka mkono juu, mguu wa cherehani utausukuma mbele na ndipo unapata vile vikunjo vidogo vidogo.

Pini80

Naongeza tu, sindano ya viskosi tumia namba 70 na iwe mpya. Sindano butu inavuta nyuzi na unaona mistari kwenye kitambaa ukafikiri ni kitambaa kibovu.

UziMwekundu

Jamani mmenifungua macho, nimekunja ule mkono na kweli haulingani, nimekaa nao siku zote hizi sikuona. Na kweli nilikuwa nimeweka wa kushoto kulia.

Sasa swali, hii blauzi inaokoleka? Kitambaa kimebaki kidogo tu, hakitoshi kukata badani nyingine.

FundiUtepe

Inaokoleka kwa sababu moja, hukupunguza kingo za ubavu. Hongera kwa uvivu 😄

Fumua mishono ya ubavuni yote miwili, dati usiziguse. Shona upya ukiacha sentimita 0.7 badala ya 1.5. Kila ukingo unarudisha milimita 8, kingo ziko nne, unapata sentimita 3.2. Blauzi inafika kama 98.7, yaani karibu sentimita 5 za nafasi juu ya mwili wako. Siyo zile 8 za mchoraji, itakuwa ya kukaa mwilini kidogo, ila utakula, utakaa, utaendesha hata baiskeli.

Angalizo. Ukitoa ubavu, tundu la mkono nalo linapanuka pale chini kwa ileile milimita 8 kila upande. Kwa hiyo mkono nao lazima mshono wake wa chini uutoe kwa kiasi hichohicho, 0.7, angalau sehemu ya juu, ukishuka kuelekea kiwiko unaweza kurudi taratibu kwenye 1.5. Ukisahau hili utakuja hapa kesho unalia tundu limezidi mkono.

Nafasi ikishabaki 0.7 usiifungue pande mbili, shika zote mbili pamoja piga zigizaga moja au ovaloki bila kukata, laza kuelekea nyuma. Alama za matundu ya mshono wa zamani zitaonekana, lowanisha kidogo kwa upande wa ndani, kwaruza kwa ukucha ukifuata nyuzi, piga pasi. Nyingi zitapotea. Zisipopotea ni ubavuni, mkono unafunika.

Shingo: piga mshono mrefu wa milimita 4 kuzunguka shingo nzima ndani ya nafasi ya mshono, vuta uzi wa chini kidogo kidogo mpaka urefu ulingane na kipande cha ndani, usivute sehemu moja, sambaza zaidi pale palipopinda kwa hanamu, yaani mbele pande zote mbili za shingo, mabegani na katikati ya mgongo hapajavutika sana. Mvuke juu ya taulo kama alivyosema mama. Kikifika, shona kipande cha ndani, chana ukingo kila sentimita moja na nusu hivi bila kugusa mshono, halafu nafasi yote ilaze upande wa kipande cha ndani na upige mstari mmoja juu yake karibu kabisa na mshono, hiyo inazuia kisichungulie nje. Usiogope kwamba shingo ni ya asilimia 94, shingo ya mviringo ya blauzi huwa imeshachimbwa chini ya koo, na mbele ina vifungo, haitakukaba.

Urefu wa mikono hapo huna namna ya kuurudisha. Kata iishie chini ya kiwiko kidogo, sema ndivyo ulivyotaka.

mkasi_butu

Mi najiondoa kwenye kutoa ushauri humu, nimegundua mashati yangu yote yanapanda nikinyanyua mkono na nilikuwa nayachimba kila mwaka

BiChaki

Yaliyochimbwa yawekee kikwapa mwanangu, kipande kidogo chenye umbo la almasi unakipachika pale mishono ya mkono na ubavu inapokutana, kikatwe kwa hanamu. Kitakurudishia mwendo wa mkono. Kinaonekana ukiinua tu.

TunduLaKifungo

Samahani kuingilia uzi wa mtu. Mimi kijiraba nilipima kiko sawa kabisa, nikichagua saizi kwa kifua blauzi inaenea kifuani vizuri ila mabega yanadondoka na shingo ni kubwa, nikishusha saizi mabega yanakaa ila vifungo vya kifuani vinafunguka katikati. Nimefanya hivi kwa patani za kampuni tofauti, yaleyale.

FundiUtepe

@TunduLaKifungo dada, wewe kesi yako ni nyingine na ni ya kawaida sana. Kampuni kubwa za patani nyingi zinachora kwa mwili wenye kikombe cha sidiria cha B, maana yake wanategemea tofauti kati ya kifua cha juu, pale utepe unapopita chini ya kwapa juu ya matiti, na kifua kamili iwe kama sentimita 5. Ukizidi hapo, ukichagua saizi kwa kifua kamili wanadhani mifupa yako yote ni mikubwa, wanakupa na bega kubwa na shingo kubwa.

Chagua saizi kwa kifua cha juu. Kwenye jedwali lao chukua kifua chako cha juu ongeza 5, hiyo ndiyo itafute kwenye safu ya kifua. Mabega yatakaa. Kisha kifuani unaongeza kwenye karatasi, siyo kwenye kitambaa: unachana patani ya badani ya mbele kutoka ncha ya titi kwenda tundu la mkono, nyingine kwenda pindo, nyingine katikati ya dati, unaifungua kwa kiasi kilichopungua na kubandika karatasi chini. Dati inakuwa kubwa yenyewe na tundu la mkono linabaki na urefu wake uleule. Hiyo patani ya badani ni nusu tu ya mbele, kwa hiyo kama umepungukiwa 4 fungua 2. Na ncha ya dati iishie kama sentimita 2 kabla ya ncha ya titi, ikifika juu yake inatengeneza kichongo.

Jaribu kwanza kwa shuka kuukuu, mbele na nyuma tu, mshono mrefu, hata mikono usiweke.

TunduLaKifungo

Kumbe siku zote nalaumu mabega yangu. Asante sana fundi.

UziMwekundu

Wapendwa nimerudi. Ubavu nimetoa, nimevaa, naweza kuinua mikono!! Mikono imeingia, wa kwanza nilirudia kwa sababu nilivuta uzi mpaka rinda likatokea pale juu ila ule wa pili umekaa vizuri kweli, hata mimi sikuamini. Shingo imenywea na kipande cha ndani kimefika.

Imebaki vifungo. Patani ina alama za vifungo, nifuate zile au? Naogopa katikati ya kifua pasifunguke.

BiChaki

Usifuate, zile nazo zimepunguzwa kama vingine vyote. Vaa blauzi, simama kioo, weka pini moja pale kifua kilipojaa zaidi, usawa wa ncha. Hicho ndicho kifungo cha kwanza, hakijadiliwi. Halafu weka cha juu kabisa pale shingoni, gawanya kati ya hivyo viwili, umbali utakaopata ndio uendelee nao kushuka chini. Wengi wanaanza juu wanagawanya sawa mpaka chini, kifungo kinaangukia juu ya kifua au chini yake na katikati panaacha dirisha.

Na usitoboe hata tundu moja kwenye blauzi kabla hujatoboa kwenye kipande cha majaribio, kitambaa kilekile, safu zilezile na gamu yake katikati. Pima kifungo, upana wake ongeza unene wake, ndio urefu wa tundu. Ukishachana na ncha ya kidude cha kufumulia, weka pini upande wa mwisho wa tundu ili usipitilize.

UziMwekundu

Sawa mama. Na nikitaka kuprinti tena kwa ajili ya nyingine, niprinti zote upya?

FundiUtepe

Printi ule ukurasa mmoja wenye kijiraba tu kwanza. Kwenye dirisha la printa chagua ukubwa halisi au asilimia 100, kama kuna sehemu ya kujaza au kutosheleza ukurasa itoe, na hakikisha karatasi imeandikwa A4 kama ndiyo unayotumia, wengine inabaki kwenye ile saizi ya Marekani na printa inapunguza kimyakimya. Pima pande zote mbili za kijiraba, kusimama na kulala. Ikiwa 10 kwa 10, ndiyo printi zilizobaki.